Ubao na Kijiti

Katika miji na vijiji vya pwani ya kusini ya Mombasa, tangu Waa na Tiwi hata Msambweni, Shimoni na Vanga, mtoto wa zamani alianza elimu yake kwa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa ubao. Juu ya ubao huo mwalimu wa chuo aliandika herufi kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Somo likisha kuhifadhiwa, ubao ulioshwa, ukaanikwa juani, ukaandikwa tena. Cha pili kilikuwa kijiti. Mtoto alikipitisha kijiti chini ya maneno, herufi baada ya herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, ili jicho lake lisipotee na mwalimu ajue mwanafunzi amefika wapi. Ubao ulibeba herufi, na kijiti kilizionyesha.

Mwanafunzi wa Kwale wa siku hizi naye hukaa mbele ya ubao na kijiti, ingawa haviiti kwa majina hayo. Ubao wake una vitufe zaidi ya mia moja, na kijiti chake ni kidude chenye umbo la yai lililokatwa nusu, ambacho hukisukuma mezani kwa kiganja. Watungaji wa istilahi wa Kenya walipouita ubao huo baobonye, yaani bao la kubonyeza, walikuwa karibu zaidi na chuo cha Msambweni kuliko walivyodhani. Watu wengi, hata hivyo, husema kibodi, nami nitatumia majina yote mawili kama yatakavyonijia.

Kuna swali ambalo mwanafunzi huyo huliuliza siku ya kwanza, kisha akalisahau kwa sababu hapati jibu: mbona herufi hizi hazikufuatana? Kwa nini A haikukaa karibu na B? Swali hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Aliyepanga ubao hakuwa akiijua lugha yetu, na lugha yetu imelazimika kukaa juu ya ubao huo kwa zaidi ya miaka mia. Jinsi ilivyokaa, na kilichobaki nje ya ubao, ndiyo habari ya insha hii.

Tuanze na ule ubao wa zamani, kwa maana haukuwa bila taabu zake. Herufi za Kiarabu zilizaliwa kwa ajili ya Kiarabu. Lugha hiyo katika maandishi yake haina p, wala ch, wala v. Na alama zake za irabu fupi ni tatu tu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Mtu wa Gazi au wa Wasini aliyeandika kuku na mwenzake aliyeandika koko walitia alama zile zile. Msomaji ndiye aliyekata shauri kama barua ilihusu ndege wa nyumbani au vichaka vya pwani. Jambo hilo halikumshinda mtu aliyeijua lugha. Barua za biashara, hati za mashamba na tenzi ndefu ziliandikwa hivyo kwa karne nyingi, zikasomwa, zikafahamika.

Tena walikuwako wataalamu walioziona kasoro hizo wakazitengeneza. Huko Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliongeza nukta na alama ndogo ndogo juu ya herufi za Kiarabu, hata zikaweza kutenga sauti ambazo maandishi yetu ya sasa hayazitengi. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia. Kalamu ya mwanzi hutii mkono: mwenye kutaka nukta ya tatu huitia nukta ya tatu, wala haombi ruhusa kwa mtu. Mashine haina tabia hiyo. Ndani ya mashine, herufi isiyoundwa kiwandani haiandikiki, hata ikiwa iko mdomoni mwa watu wote wa mji.

Mashine yenyewe ilitoka mbali. Christopher Latham Sholes alikuwa mhariri na mpiga chapa katika mji wa Milwaukee, Marekani. Mwaka 1868 yeye na wenzake walipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wao wa mashine ya kuandikia kwa vidole. Mwaka 1873 kampuni ya Remington, iliyokuwa ikiunda bunduki, ilikubali kuiunda mashine hiyo, na mwaka uliofuata ikatolewa kuuzwa. Mashine ya kwanza iliandika herufi kubwa peke yake. Ile iliyoweza kuandika kubwa na ndogo ilikuja mwaka 1878. Safu yake ya juu ya herufi ilianza kwa Q, W, E, R, T na Y, na ndivyo inavyoanza mpaka leo katika ubao wa kompyuta ulioko Ukunda au Msambweni.

Kwa nini zikapangwa hivyo? Wako wasemao kwamba vyuma vilivyobeba herufi viligongana na kushikana vilipoinuka kwa haraka vikiwa jirani, basi Sholes akazitenga herufi ambazo hufuatana mara nyingi katika Kiingereza. Wako wengine wasemao kuwa mpango ule ulifuata mahitaji ya watu wa simu za waya, waliokuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Wanahistoria hawajapatana, nami sioni sababu ya kuwapatanisha kwa nguvu. Lililo dhahiri ni kwamba hapana hata mmoja katika watu hao aliyekuwa akifikiri juu ya Kiswahili.

Wakati Sholes akifanya kazi yake Milwaukee, wageni wa Kizungu huku kwetu walikuwa wakitafuta namna ya kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika kwa njia yake. Askofu Steere wa Unguja, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870, aliandika kwa njia nyingine. William Taylor wa Mombasa alitia alama za kutenga sauti za Kimvita ambazo Steere aliziacha. Wajerumani walipoitwaa bara ya Tanganyika waliandika kwa desturi ya lugha yao, na mlima wetu mkubwa ukaandikwa Kilimandscharo katika ramani zao. Lugha moja ilivaa nguo za mafundi wengi.

Shauri lilikatwa karibu sana na Kwale. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano mjini Mombasa, ng'ambo ya pili tu ya kivuko cha Likoni, ambako lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Wenyeji wa Mombasa hawakufurahi, kwa kuwa Kimvita kilikuwa na hazina yake kubwa ya mashairi. Mimi naona walikuwa na haki ya kununa, ijapokuwa sidhani kwamba shauri lingeweza kwenda vingine, kwani vitabu vilivyopigwa chapa kwa Kiunguja vilikuwa vimekwisha kuenea mbali.

Katika miaka ile ile, taasisi ya lugha za Kiafrika iliyoanzishwa London mwaka 1926 ilikuwa ikipendekeza alfabeti mpya kwa ajili ya Afrika nzima. Ndani yake zilikuwamo herufi ambazo hazimo katika Kiingereza, kama ŋ kwa ile sauti ya mwanzo wa neno ng'ombe, na ɓ kwa b inayotamkwa kwa kuvuta pumzi ndani. Kwa mtu wa elimu ya sauti pendekezo lilikuwa zuri. Kwa karani mwenye mashine ya taipu lilikuwa balaa. Kiswahili Sanifu hakikuzipokea herufi hizo. Kilibaki na herufi za kawaida, na pale zilipopungua, kiliziunganisha mbili mbili: sh, ch, th, dh, gh, ny. Kwa ile ng ya ng'ombe, kiliazima alama ndogo ya juu ambayo tayari ilikuwa katika kila mashine ya Kiingereza.

Tazama faida yake. Karani aliyekaa Kwale katika ofisi ya Bwana Shauri, kama watu walivyomwita mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliweza kuitoa mashine katika sanduku lake na kuandika barua ya Kiswahili siku hiyo hiyo. Hakuna kitufe kilichobadilishwa, hakuna chuma kilichochongwa upya. Wenzake hawakupata raha hiyo. Kikuyu kina irabu saba, na mbili katika hizo huandikwa kwa alama ya wimbi juu ya i na juu ya u. Alama hizo hazikuwamo katika mashine ya kawaida, basi mwandishi alichagua kuzitia kwa kalamu baadaye au kuziacha kabisa. Luganda iliipokea ŋ, na mpaka leo wako Waganda wengi wanaoandika ng' kwa sababu ubao ulio mbele yao hauna herufi yao wenyewe.

Lakini faida hii ilikuwa na bei, na bei ililipwa na pwani. Mtu wa Mombasa akisema paa la nyumba na paa wa porini, hasemi neno moja mara mbili. Lile la mnyama hutoka na pumzi nyingi. Kaa la moto na kaa wa baharini hutengwa vivyo hivyo. Katika ubao wa taipu maneno hayo yakawa mapacha wasiotambulikana. Mwalimu Sikujua aliyatenga kwa nukta. Sholes hakuwa na nukta ya kumpa mtu. Na lahaja ndogo za pwani ya kusini zilikuwa na mambo yao mengi zaidi. H. E. Lambert aliandika kijitabu juu ya Kivumba, lugha ya Wasini na Vanga, kilichotolewa na Kamati ya Kiswahili mwaka 1957, na kingine juu ya Kichifundi mwaka 1958. Vijitabu hivyo ni vyembamba, lakini bila hivyo mtu wa mbali angeweza kudhani kuwa kati ya Likoni na mpaka watu wote husema kama kitabu cha shule.

Mpaka huo nao una kisa chake katika habari ya ubao. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara kwa mstari ulioanzia pwani penye mto Umba, karibu na Vanga. Mstari huo ulitenga jamaa na jamaa, na kwa jambo letu ulitenga ubao na ubao, kwa kuwa Wajerumani wana mpango wao wa herufi: katika mashine zao Z imekaa mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Mbali zaidi, Wabelgiji waliingiza Kongo mpango wa Kifaransa, ambao safu yake ya juu huanza kwa A na Z. Neno kazi likipigwa Tanga zamani za Wajerumani, likapigwa Mombasa na Waingereza, likapigwa Bukavu na Wabelgiji, vidole vilicheza ngoma tatu mbalimbali, ingawa karatasini neno lilikuwa lile lile. Mpango wa Kijerumani uliondoka Tanganyika pamoja na wenyewe. Wa Kifaransa umebaki Kongo. Na katika mpango huo Q, ambayo Kiswahili hakiihitaji kamwe, imekalia kiti katika safu ya katikati, ambako vidole hupumzika.

Hapo nataka kusimama kidogo juu ya herufi moja, yaani A. Mwanafunzi na aandike sentensi hii: Baba anakwenda Msambweni kununua samaki. Ina herufi 35, na katika hizo A ni 9, zaidi ya robo. Q hamna, X hamna, C hamna. Sentensi nyingine zitatofautiana kidogo, lakini hakuna herufi inayoishinda A katika Kiswahili. Basi tazama ubao wa Kiingereza uone A imewekwa wapi: mwisho wa safu ya katikati upande wa kushoto, chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kidole kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kilichopewa gunia zito kuliko yote. Katika chumba kimoja cha intaneti huko Ukunda niliona kibodi ambayo maandishi ya A yalikuwa yamefutika kabisa, na Q iliyo juu yake iking'aa kama siku ilipotoka dukani.

Mwaka 1936 August Dvorak, mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Seattle, alipata hati ya mpango mpya aliouona kuwa mwepesi zaidi kwa vidole. Alizikusanya irabu zote tano katika safu ya katikati chini ya mkono wa kushoto. Kwa Kiswahili, ambacho karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, mpango huo ungekuwa na raha kubwa kuliko kwa Kiingereza, kwa maana mkono wa kulia ungepiga konsonanti nyingi na wa kushoto irabu, kama watu wawili watwangao katika kinu kimoja. Hata hivyo, A aliiacha pale pale, chini ya kidole cha mwisho! Mpango wake haukuenea. Watu walikuwa wamekwisha kujifunza ule wa kwanza, na mashine zilikuwa zimekwisha kununuliwa.

Mahali ambapo A imepata haki yake ni pengine kabisa. Likoni, karibu na kivuko, ipo shule ya wasioona. Katika shule za namna hiyo hapa Kenya hutumika mashine ya Perkins, iliyoundwa na David Abraham huko Marekani na kuanza kutolewa mwaka 1951. Ubao wake una vitufe sita tu vya nukta, vitatu kila upande, pamoja na cha nafasi katikati na vingine viwili vya kurudisha na kushusha mstari. Mwandishi habonyezi kitufe kimoja kwa herufi moja. Hubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, kama mpiga kinanda, na nukta huinuka katika karatasi nene zikasomwa kwa ncha za vidole. Katika maandishi ya Braille herufi A ni nukta moja peke yake, nukta ya kwanza, nayo hupigwa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kwa hiyo mwanafunzi asiyeona huandika herufi kuu ya lugha yake kwa kidole chenye nguvu na kwa pigo moja, naye mwenye macho huiandika kwa kidole dhaifu. Nalitaja hili kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba chombo cha wasioona ni chombo kilichopunguzwa. Kwa kazi hii, ndicho kilicho bora.

Wazo la vitufe vichache vinavyobonyezwa kwa pamoja lilimvutia pia mtu aliyetuletea kijiti kipya. Douglas Engelbart alikuwa mhandisi katika taasisi ya utafiti ya Stanford, jimbo la California. Kompyuta za siku zake zilikula kadi zilizotobolewa, na mtu alingoja jibu kwa saa nyingi. Yeye alitaka mtu akae mbele ya kioo na kuonyesha kwa mkono kile anachokitaka. Mwaka 1964 mwenzake Bill English alimwundia kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake: moja lilipima mwendo wa kwenda mbele na nyuma, jingine wa kulia na kushoto. Waya uliotoka ulifanana na mkia, kikaitwa panya. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alikionyesha mbele ya hadhara ya wataalamu. Mkono wa kulia ulishika panya, na wa kushoto ulicheza juu ya ubao mdogo wa vitufe vitano vilivyobonyezwa kwa pamoja. Dunia ilimchukua panya wake na kuacha vile vitufe vitano.

Kiswahili kilimpunguza panya huyo kikamwita kipanya. Wengine Kenya humwita puku, ambaye ni panya mkubwa, na sijui kwa nini kidude kidogo kiitwe kwa jina la mnyama mkubwa. Kabla ya kipanya palikuwa na tufe la kuzungusha, lililobuniwa na Ralph Benjamin kwa ajili ya rada za jeshi la majini la Uingereza mwaka 1946. Wakanada waliounda chombo cha namna hiyo miaka michache baadaye walitumia mpira wa kuchezea wa kawaida. Kulikuwa pia na kalamu ya mwanga, iliyoguswa kwenye kioo. Baadaye kikaja kinundu chekundu katikati ya vitufe vya kompyuta ya mkononi, mwaka 1992, na kile kibao laini kinachopapaswa kwa kidole. Vyote hivyo ni watoto wa kijiti kimoja. Kila kimoja hujibu swali lile lile la mwalimu wa chuo: umefika wapi?

Lakini nisimdanganye msomaji. Kwa watu wengi wa Kwale ubao wa kwanza kuguswa na vidole vyao haukuwa wa taipu wala wa kompyuta. Ulikuwa wa simu ya mkononi. Ubao huo una vitufe kumi na viwili, navyo vilipangwa na wahandisi wa simu wa Marekani waliofanya majaribio juu ya vidole vya watu, na simu za kubonyeza zikatolewa mwaka 1963. Juu ya kila tarakimu, tangu 2 hata 9, zilirundikwa herufi tatu au nne. Aliyetaka herufi ya pili alibonyeza mara mbili, ya tatu mara tatu. Kwa ubao huo wavuvi wa Shimoni waliulizana bei, na tangu Machi 2007, M-Pesa ilipoanzishwa Kenya, watu walipeleka fedha kwa vidole gumba.

Ubao huo ulifanya jambo ambalo Kamati ya mwaka 1930 haikulitazamia: uliipa X kazi. Herufi S ni ya nne katika kitufe cha 7. Mwenye kuitaka alibonyeza mara nne. X ni ya pili katika kitufe cha 9. Mara mbili zatosha. Kuandika sasa kulihitaji mabonyezo 10, na kuandika xaxa kulihitaji 6. Vijana wa Kenya wakaandika xaxa, na walimu wa Kiswahili wakashika vichwa. Hesabu hii siyo sababu pekee, kwani vijana hao hao waliandika pia q mahali pa k, na hapo hakuna bonyezo hata moja lililookolewa. Ile ilikuwa mitindo tu. Hata hivyo sioni haki ya kuwacheka. Walipewa ubao wa watu wengine, wakazitazama herufi zilizokaa bure kwa miaka themanini, wakazitumia. Kilichoumia zaidi ni ile alama ndogo ya ng'. Ilifichwa pamoja na nukta na mkato katika kitufe cha 1, mbali na njia. Ng'ombe akawa ngombe, na kung'oa mti kukawa sawa na ngoa, ambayo ni wivu na uchu.

Mwaka ule ule wa 2007 kampuni ya Apple ilitoa simu isiyo na vitufe vya herufi. Kioo kinachojua kimeguswa wapi hakikuwa kitu kipya, E. A. Johnson wa Uingereza alikwisha kukieleza mwaka 1965 kwa ajili ya waongozaji wa ndege. Katika simu hiyo ubao ulichorwa juu ya kioo kwa mwanga. Ubao na kijiti vikawa kitu kimoja, na kijiti kikawa kidole. Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma kwa watoto wa darasa la kwanza, na watoto wasiojua bado kushika kalamu sawasawa wakajua kugusa.

Ubao wa mwanga una sifa moja ambayo ubao wa chuma haukuwa nayo: hubadilika. Mwenye simu Msambweni akitaka herufi za Kiarabu huzipata kwa mguso mmoja. P na ch hazimo katika safu za kawaida za Kiarabu, lakini zimo katika ubao wa Kiajemi na wa Kiurdu, kwa kuwa watu wa huko walizihitaji kama sisi. Mwaka 1997 Yahya Ali Omar wa Mombasa na Peter Frankl walitoa makala marefu juu ya namna ya kukiandika Kiswahili vizuri kwa herufi za Kiarabu, wakazirejea zile nukta za Mwalimu Sikujua. Na baadaye Kevin Donnelly akatunga programu aliyoiita Andika, ambayo huyageuza maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi yakawa ya herufi za Kiarabu. Njia iliyofungwa na mashine ya Remington imefunguliwa upenyo.

Na Chidigo, lugha ya mama ya watu wengi wa Kwale, nacho kimepata maandishi yake. Sauti zake kadhaa hazimo katika Kiswahili Sanifu, lakini walioitengenezea maandishi hawakuunda herufi mpya hata moja. Walifuata desturi ya kuunganisha. Mji ni mudzi, nchi ni tsi, kwenda ni kuphiya, na kwamba ni kpwamba. Mwaka 2004 ilitolewa kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato. Neno kpwamba katika simu ya vitufe lilihitaji mabonyezo 9. Katika kioo yatosha miguso 7. Lakini simu isiyolijua neno hilo hulipigia mstari mwekundu, au huligeuza likawa neno jingine la Kiingereza kabla mwandishi hajatambua, naye hurudi nyuma kwa kidole cha shahada, akalifuta, akaliandika tena.